Mayai Yenye Tarehe

4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Hujambo na huo mguu? Dada hajambo? Na shemeji bado anakoroma mpaka watu wa ghorofa ya chini wanagonga dari kwa ufagio?

Huku sote wazima: mimi, kuku saba, jogoo mmoja, na paka wa jirani ambaye hakualikwa. Paa la jikoni halivuji tena. Fundi cherehani wa nyumba ya pili anakusalimu. Anasema gauni lako la kijani liko tayari tangu mwezi wa kumi na mbili na anakuomba usife kabla hujalijaribu. Nimemnukuu alivyosema.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Mara ya mwisho nilipopiga, dada alipokea, akaweka sauti juu, nawe ukawa unanijibu kama shahidi aliyeketishwa karibu na mshtakiwa.

Sasa habari yenyewe. Yule kuku mweusi unayemwita Mwenyekiti aliugua. Tarehe 25 Februari aligoma kutoka kwenye kiota. Alivimba manyoya, akawa ananguruma kama pikipiki iliyokataa kuwaka, na nilipopeleka mkono alinidonoa mara tatu, mara mbili kidole kile kile. Hakula. Hakutaga. Nilimwita fundi cherehani, akachungulia na tepu yake shingoni, akasema, "Huyo ana homa."

"Umejuaje?"

"Mpapase tumbo."

Nilimpapasa. Lilikuwa la moto, tena limenyonyoka. Kwa miaka thelathini na moja nimewaambia vijana wa gazetini kwamba habari yenye chanzo kimoja si habari. Hii nikaipitisha kwa chanzo kimoja, tena mshona suruali.

Nilimchovya tumbo kwenye ndoo ya maji baridi asubuhi na jioni, nikamfungia kwenye kreti ya soda iliyopandishwa juu ya matofali ili upepo umpite chini. Siku ya tano alitoka, akakung'uta mabawa na kula kama aliyetoka kifungoni. Amepona kabisa. Nimejisifu kwa fundi, naye akajisifu kwangu.

Jumamosi mhariri wangu wa zamani anakuja kunitembelea. Nitamkaribisha inavyostahili. Nilikuahidi kukaa hapa kwako na kukulishia kuku wiki mbili, na leo naingia ya tatu, lakini usijali, sina haraka.

Mwanao,
Mwandishi

12 Machi

Marahaba, mwanangu.

Dada yako hajambo, anafanya zamu mbili kwenye duka la dawa na akirudi ananihesabia vidonge vyangu kama vile nimeviiba. Shemeji yako anakoroma. Mguu upo.

Mwenyekiti hakuugua. Kuku akishataga kundi lake la mayai anataka kuyaatamia, yaani kuyalalia mpaka yaanguliwe. Ndipo anavimba, anadonoa, anaacha kula. Manyoya ya tumbo anayanyonyoa mwenyewe ili ngozi iguse yai, na ngozi hiyo lazima iwe ya moto, la sivyo kifaranga atatoka wapi? Wewe umemwona mama anayetaka watoto, ukamtia kwenye ndoo.

Tena umemtia vizuri. Maji baridi, kreti, upepo wa chini: hivyo hasa ndivyo anavyoachishwa kuku usiyetaka aatamie. Mimi mwenyewe nisingeweza kuzidi hapo. Umemponya ugonjwa niliokuwa nausubiri tangu mwaka jana.

Akitokea mwingine, usimwite fundi. Mwache siku mbili uone kama kweli amedhamiria, maana wapo wanaojaribu tu kiti. Kisha mwekee mayai kumi au kumi na moja, ya umbo la kawaida, yasiyo na ufa, yasiyopita siku kumi tangu kutagwa. Usiyaoshe. Ukiliosha yai umelivua nguo. Yatie alama, kwa sababu wenzake watakuja kutaga humo humo, na yai jipya likichanganyika na ya zamani unaliondoa siku hiyo hiyo. Maji na mahindi viwe karibu, naye atashuka mara moja kwa siku, ale, anye, arudi. Asiposhuka, mshushe. Siku ishirini na moja. Zile tatu za mwisho hakuna kugusa, hakuna kuchungulia, hakuna ripoti.

Jogoo wangu, Bwana Mkubwa, mpe mahindi yaliyovunjwa. Amezeeka, punje nzima zinamkaba. Na huyo mhariri wako umemlisha nini?

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imechukua siku sita. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Mwenyekiti nimemwomba radhi. Amenipa mgongo.

Fundi nimemsomea sehemu inayomhusu. Kasema, "Mimi nilisema homa, sikusema homa ya nini." Huyo angefaa kuwa msemaji wa serikali.

Habari njema: Karani, yule wa kahawia mwenye kucha ndefu, amekalia kiota tangu Jumanne na ananguruma vizuri sana. Nimesubiri siku mbili kama ulivyoagiza, na moja zaidi ya uoga wangu. Mayai sikuhangaika kuyatafuta. Tangu nifike hapa kila yai naliandika tarehe kwa penseli ili nile la zamani kwanza. Ni tabia ya kazi, kitu kisicho na tarehe sikiamini. Nimechagua kumi na moja, la kwanza la tarehe 13 na la mwisho la leo asubuhi. Mengine mawili nilikuwa nimeshayaosha, nikayakaanga.

Saa nne kamili nilimwekea. Aliyavuta moja moja chini yake kwa mdomo, akayapanga, halafu akanitazama kama karani wa kweli anayekuuliza una shida gani nyingine. Saa tano Mwenyekiti akaingia, akamsukuma kidogo, akataga. Yai lake nililitambua kwa kuwa halikuwa na tarehe. Mambo yakienda sawa, vifaranga ni tarehe 11 Aprili.

Mhariri alikuja, akala, akashukuru, akasinzia kwenye kiti chako.

Unaniambia mguu upo. Shangazi, hiyo si habari. Hata wangu upo. Unakunja? Unashuka ngazi? Daktari amesemaje, na lini?

Mwanao,
Mwandishi

29 Machi

Marahaba.

Nimekuagiza kuhusu kiota, ukanijibu ukurasa mzima. Nimekuuliza mhariri amekula nini, umenijibu kwamba alisinzia. Mahindi ya Bwana Mkubwa hata hukuyataja. Usidhani ni wewe peke yako uliyefundishwa kusoma kisichoandikwa.

Namwulizia kwa sababu jogoo mzee hupungukiwa na mbegu, na yai lisilo na mbegu ya jogoo ni la kukaanga tu. Karani anaweza kulilalia mpaka miguu imfe ganzi, litaoza. Basi angalia kama bado anapanda matetea. Kama amechoka niambie sasa hivi, tutafute jogoo wa kuazima.

Nalikazania hili kwa sababu ambayo nilikusudia kukuficha. Kwenye mlango wa friji ya dada yako kuna karatasi. Imeandikwa hivi: "Vifaranga kabla ya mwisho wa Aprili, Mama anarudi kwake. Hakuna vifaranga, kuku wanauzwa, nyumba inapangishwa." Tumetia sahihi mimi na yeye. Shemeji yako ndiye shahidi, ingawa alikuwa amelala.

Ilikuwa siku ya Jumapili. Dada yako alisema, "Mama, ile nyumba imekufa. Wewe huwezi, na yule gazeti anayekaa pale hajui hata yai linatokea upande gani." Nikamwambia anajua. Akasema, "Haya, atotoe." Sikupenda dharau yake nikakubali haraka, na sasa kila nikifungua friji kuchukua maziwa nasoma hukumu yangu.

Sikukuambia mapema kwa sababu nakujua. Ukisikia kitu kina uzito, unaacha kukifanya unaanza kukiripoti.

Hapa ni ghorofa ya nne. Dirishani naona dirisha la mwenzangu, naye anaona langu. Tumeshazoeana, tunapungiana mikono. Ni watu wazuri hawa, mwanangu, wananitunza. Lakini nataka kwangu.

Shangazi yako

5 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua hii haipiti posta. Nampa utingo wa basi la asubuhi, ili upesi wake unifedheheshe mapema.

Tarehe 8 Machi, saa tatu asubuhi, nilimchinja Bwana Mkubwa. Si mbwa, si gari, si mwizi. Ni mimi. Mhariri alikuwa anakuja na sikutaka kumpa mtu aliyenilea kikazi sahani ya wali mtupu. Matetea sikutaka kuwagusa, kwa kuwa wanataga. Nikamtazama jogoo, nikajiuliza huyu anatoa nini. Nilimwona kama aya isiyo ya lazima, nikaifuta.

Usidhani sikufanya uchunguzi. Nilimwuliza fundi cherehani, "Kuku anataga bila jogoo?" Akasema anataga. Safari hii nikatafuta na chanzo cha pili: mama wa duka la kona. Akasema, "Anataga, kwani hao wa mayai ya trei wana waume?" Vyanzo viwili, jibu moja, tena la kweli. Swali ndilo lilikuwa bovu. Miaka thelathini na moja, Shangazi, na sikuuliza kama mayai hayo yanaanguliwa.

Mhariri alisema nyama ni ngumu. Aliomba nyongeza.

Nilinyamaza kwenye barua iliyopita kwa aibu ya jogoo tu, kwa kuwa alikuwa wako na sikukuomba. Sikujua kwamba nimekuuzia na nyumba. Sasa najua, na Karani yuko pale siku ya kumi na tano, amekonda, anashuka mara moja kwa siku, anakula kwa dakika sita, anarudi mbio. Simwangalii usoni.

Fundi ananiambia kuna kupima kwa tochi: unaliweka yai kwenye mwanga, lenye kifaranga linaonyesha mishipa, tupu linang'aa lote. Tochi ninayo. Betri ninazo. Nimekwenda mpaka mlangoni mwa banda mara nne. Sijapima. Nimewahi kuwauliza mawaziri maswali yaliyowafanya wainuke wakaondoka, na sasa naogopa kumuuliza yai.

Tarehe za mayai yaliyo chini yake ni hizi, kama zina faida: mawili ya 13, moja la 14, mawili ya 15, na moja moja kwa 16, 17, 18, 19, 20 na 21.

Ukitaka niondoke, sema tu. Nitamwachia fundi ufunguo.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Utingo amefika leo tu, barua ilimlalia mfukoni, na nimemwambia asubiri nijibu. Anakunywa chai jikoni na kuisoma karatasi ya friji.

Kwanza nilikasirika. Nilikasirika tangu saa mbili hadi saa tano kasorobo. Jogoo yule nilimlea tangu akiwa ndani ya kofia ya marehemu mjomba wako. Halafu nikazisoma zile tarehe zako, nikachukua kalenda ya duka la dawa, nikahesabu kwa kidole, nikarudia mara tatu.

Sikiliza. Kuku akishapandwa, hubeba mbegu ya jogoo ndani yake. Hata jogoo akiondoka, wiki mbili hivi bado mayai yake yanaweza kuwa na kitu. Nguvu inapungua kila siku, lakini ipo. Wewe umechinja tarehe 8. Yai lako la mwisho ni la 21. Yote kumi na moja yamo ndani ya wiki mbili. Sikuambii yataanguliwa. Bwana Mkubwa alikuwa mzee na hayo mayai mengine yamelala sana jikoni. Nakuambia yanaweza. Na kama usingekuwa mtu wa kuandika tarehe hata kwenye yai, ningekuwa nimeshafunga mizigo ya moyo wangu nikakaa hapa.

Umeogopa tochi, na sasa umechelewa. Barua ikikufikia itakuwa zile siku tatu. Usiguse. Ukinisikia sasa utakuwa umenisikia mara ya kwanza.

Kwa kuwa umesema lako, nami niseme langu. Watu wote nimewaambia niliteleza bafuni. Daktari ameandika bafuni, dada yako ameweka mkeka wa mpira bafuni. Mimi sikuteleza bafuni. Niliteleza bandani, kwenye mavi ya kuku wangu mwenyewe, nikimfukuza Mwenyekiti anirudishie kandambili. Nilikaa chini pale robo saa nikifikiria uongo wa kusema, yeye amesimama na kandambili mdomoni. Dada yako akijua, ile karatasi ataichana hata vifaranga wakiwa mia.

Na mguu: natembea mpaka dirishani na kurudi kwa fimbo. Ngazi nashuka kwa kushikwa. Nyonga haikunjiki. Kuinama siwezi, na daktari hasemi lini. Ndiyo maana niliandika "upo".

Ufunguo usimpe fundi. Atapoteza, atasema hakusema ni ufunguo wa nini.

Shangazi yako

12 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Naanza na habari, salamu zitafuata.

Jana, siku ya ishirini na moja, hadi adhuhuri hakukuwa na kitu. Niliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa nje ya banda. Fundi alikuja saa saba na gauni lako mkononi akishona pindo, na mke wake nyuma yake, eti amekuja kumwita akale. Hakuna aliyekwenda kula.

"Yameoza hayo," fundi akasema.

"Nyamaza," mke wake akasema. "Wewe ndiye ulisema homa."

Saa tisa na dakika ishirini Karani alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, ya kukatakata, kama mtu anayezungumza na mfuko wake. Kitu kikamjibu kutoka chini. Fundi akaacha sindano hewani. Mimi nilitaka kumwinua Karani nione. Mke wa fundi akanishika kola ya shati, akaniambia, "Kaa. Umeambiwa usiguse, si umeambiwa?" Niliposema namsaidia tu kuvunja ganda, akasema nimeshasaidia vya kutosha.

Nilikaa. Asubuhi ya leo, saa moja kamili, Karani alisimama mwenyewe, akatoka, na nyuma yake wakatoka wanne. Wawili weusi, mmoja wa kahawia, mmoja wa njano mwenye doa mgongoni. Wanatembea, wanaanguka, wanainuka kama hawakuanguka.

Yaliyobaki saba nimeyafungua nyuma ya ukuta, maana nilitaka kujua hata kama ni kwa kuchelewa. La 20 na la 21 yalikuwa maji matupu. Matano mengine yalikuwa yameanza yakaishia njiani.

Maganda ya walioanguliwa niliyaokota na kuyaunga. Penseli haijafutika. Ni la 14, moja la 15, la 17 na la 18. Yule wa njano ni wa tarehe 17. Baba yake alikuwa ameliwa siku tisa kabla yai halijatagwa, na mlaji alilalamika kwamba ni mgumu. Sasa namwelewa.

Kipande chenye "17/3" nimekifunga ndani ya pamba kwenye bahasha hii. Kiweke kwenye friji. Ni ushahidi.

Salamu: dada, shemeji, na yule wa dirishani. Kandambili nimeipata nyuma ya mapipa. Ni moja tu.

Mwanao,
Mwandishi

18 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Ganda limefika zima. Dada yako alilishika kwa kibano cha duka la dawa, akaligeuza, akauliza, "Hii tarehe ya nini?" Nikamwambia ya kutagwa. Akahesabu vidole, akauliza jogoo yuko wapi. Nikamwambia. Kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamwambia na ya kandambili. Alicheka mpaka mume wake akaamka, akauliza ametia sahihi wapi.

Hakuichana karatasi. Aliibandua, akaigeuza, akaandika nyuma masharti yake. Chuma cha kushika mlangoni mwa choo. Mama asiingie bandani. Mtu mzima alale ndani ya nyumba kila siku, na kwenye mabano akaongeza: si fundi. Amenipa kalamu nikatia sahihi.

Basi narudi Jumamosi ya tarehe 26, basi la asubuhi. Shemeji yako ananisindikiza, kwa hiyo utatusikia kabla hujatuona.

Nitakaa kwenye kiti changu pale mlangoni nikutolee amri. Kuinama siwezi, utainama wewe. Na usiniandikie habari ya wiki mbili zako. Kati ya hao wanne hatujui nani jogoo nani tetea, na haitajulikana kabla ya miezi mitatu. Sijawahi kumwona mtu wa gazeti anayeondoka kabla ya kujua.

Wa njano asikaukiwe na maji. Mhariri wako akija tena, mkaangie mayai.

Shangazi yako